Nadharia ipi kwa tasnifu yako ya sheria ya kimataifa? Mikabala minne mbele ya kesi ya bahari ya Somalia na Kenya

Sura ya pili ya tasnifu ndiyo inayowakwamisha wanafunzi wengi wa sheria ya kimataifa. Mada ipo, msimamizi ameikubali, kisha linaulizwa swali: utatumia nadharia gani? Wapo wanaojibu kwa kuangalia msimamizi anapenda nini. Wapo wanaojibu kwa kujiangalia wenyewe: mimi ni Mwafrika, kwa hiyo natumia TWAIL (Third World Approaches to International Law), yaani mkabala wa Dunia ya Tatu kwa sheria ya kimataifa. Rasimu zilizoanza hivyo zina dalili moja. Nadharia inaelezwa kwa kurasa kumi katika sura ya pili, inapotea sura ya tatu na ya nne, halafu inatajwa tena kwenye hitimisho. Mtahini huliona jambo hilo upesi sana.

Nadharia huchaguliwa kwa swali unalotaka kulijibu na kwa nyenzo unazoweza kuzipata kweli. Makala hii inaweka mikabala minne bega kwa bega kwa msingi huo: upozitivisti, mkabala wa Dunia ya Tatu, unaojulikana kwa kifupisho chake TWAIL, mkabala wa ukosoaji, uliokuzwa hasa na Martti Koskenniemi wa Finland, na mkabala wa takwimu. Ufeministi, ulioingia kwa nguvu katika mjadala huu mwaka 1991 kupitia makala ya Hilary Charlesworth, Christine Chinkin na Shelley Wright, unastahili ulinganisho wake peke yake, kwa hiyo sitaufinya hapa katika aya mbili.

Vigezo

Vipo vinne. Kwanza, mkabala unauliza swali gani? Pili, ukipewa kesi halisi unaona nini ambacho wengine hawakioni? Tatu, unadai nyenzo gani, na je, ziko karibu nawe? Nne, siku ya utetezi mtahini atakubana wapi?

Kwa kigezo cha pili nimechukua kesi ambayo watu wa pwani wanaijua. Somalia iliishtaki Kenya katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague tarehe 28 Agosti 2014 kuhusu mpaka wa bahari. Kenya ilipinga mamlaka ya Mahakama ikitegemea hati ya makubaliano ya mwaka 2009, na pingamizi hilo likakataliwa tarehe 2 Februari 2017. Kilichogombewa ni pembetatu ya bahari yenye zaidi ya kilomita za mraba 100,000, yenye samaki na matarajio ya mafuta na gesi. Kenya ilisema mpaka unafuata mstari wa latitudo, moja kwa moja kuelekea mashariki. Somalia ilitaka mstari ulio umbali sawa kutoka pwani za nchi zote mbili, ambao unaelekea kusini-mashariki. Machi 2021 Kenya haikushiriki vikao vya kusikiliza kesi, na Septemba ikaliondoa tamko lake la mwaka 1965 la kukubali mamlaka ya Mahakama. Hukumu ilitoka tarehe 12 Oktoba 2021: mstari wa umbali sawa, lakini uliosogezwa kiasi upande wa kaskazini kwa faida ya Kenya. Serikali ya Kenya ikaikataa.

Swali la kila mkabala

Upozitivisti unauliza: sheria iliyopo inasema nini, na tunajuaje kwamba hii ni sheria? Msingi wake ni ridhaa ya dola, uliotamkwa wazi katika kesi ya Lotus ya mwaka 1927 kati ya Ufaransa na Uturuki, pale mahakama ya wakati huo iliposema kwamba kanuni zinazozifunga dola hutokana na hiari ya dola zenyewe. Hivyo mpozitivisti huanzia kwenye Ibara ya 38 ya Hati ya Uanzishaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, inayotaja vyanzo vya sheria: mikataba, mila za kimataifa, kanuni kuu za sheria, na kwa msaada tu, maamuzi ya mahakama na maandiko ya wanazuoni. Wako wanaodhani mjadala wa kambi hii umekwisha, lakini haujakwisha hata kidogo. Mwaka 1983 Prosper Weil alionya kwamba tukizidi kuita kila tamko sheria, mstari kati ya sheria na matamanio utafutika. Onyo hilo limerudi na uzito mpya sasa ambapo maazimio na maoni ya ushauri ya mahakama, yakiwemo yale ya Julai 2025 kuhusu tabianchi, yanabeba mambo makubwa mno.

TWAIL inauliza: sheria hii iliundwa na nani, ilimfaidi nani, na ni nani aliyeachwa nje? Jina lenyewe lilitoka kwenye kundi la wasomi lililokutana Harvard mwaka 1997, ingawa kabla yao walikuwapo Mohammed Bedjaoui wa Algeria, Georges Abi-Saab wa Misri na Taslim Elias wa Nigeria. Hoja nzito zaidi ya kizazi cha pili ni ya Antony Anghie: kwamba dhana ya mamlaka ya dola haikuzaliwa Ulaya ikaletwa kwetu ikiwa tayari imekamilika, bali iliundwa ndani ya mkabiliano wa kikoloni wenyewe, ili kuamua nani ni dola na nani si dola. Wakenya wawili, Makau Mutua na James Thuo Gathii, ni nguzo za kambi hii. B. S. Chimni wa India naye aliipa sura ya kitabaka, akisisitiza kwamba Dunia ya Tatu ni watu, na kwamba dola zinazozungumza kwa niaba yao zinaweza kuwasaliti.

Mkabala wa ukosoaji unauliza swali linalowakera mawakili: kwa nini hoja nzuri ya kisheria inaweza kumtetea yeyote? Koskenniemi, aliyefanya kazi ya diplomasia kwa miaka mingi kabla ya kubobea chuoni, alionyesha mwaka 1989 kwamba hoja ya sheria ya kimataifa hubembea pande mbili. Ikisogea mno karibu na matendo ya dola, inageuka kuwa utetezi wa wenye nguvu. Ikisogea mno kwenye kanuni bora, inageuka ndoto isiyotekelezeka. Kila upande humshinda mwenzake kwa kumwonyesha kwamba amezidisha.

Mkabala wa takwimu unauliza: sheria inabadilisha kitu gani katika mwenendo wa dola? Mwaka 2002 Oona Hathaway alilinganisha mikataba ya haki za binadamu na rekodi za nchi, akaona kwamba kuridhia mkataba hakuendani sikuzote na hali bora, na mara nyingine kunaendana na hali mbaya zaidi. Mwaka 2009 Beth Simmons alijibu kwa kuonyesha kwamba mikataba inasaidia, hasa katika nchi zilizo katikati ya mpito wa kidemokrasia, ambako wananchi wana sababu na nafasi ya kuitumia mahakamani na barabarani. Mabishano ya aina hii ndiyo yaliyowafanya Gregory Shaffer na Tom Ginsburg, mwaka 2012, waandike kuhusu mgeuko wa fani nzima kuelekea ushahidi wa kiutafiti.

Mbele ya kesi

Hapa ndipo tofauti zinapoonekana, na hapa ndipo ningekushauri ukae muda mrefu kuliko kwenye vitabu vya nadharia. Chukua kesi yako mwenyewe uipitishe katika mikabala yote minne kabla ya kuandika neno lolote la sura ya pili.

Mpozitivisti ataanza na Ibara za 74 na 83 za Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, zinazotaka mpaka ufikie suluhisho la haki. Atafuata hatua tatu ambazo Mahakama iliziweka wazi mwaka 2009 katika kesi ya Romania na Ukraine: chora mstari wa awali wa umbali sawa, angalia kama kuna mazingira yanayodai urekebishwe, kisha pima kama matokeo yana upotofu wa wazi wa uwiano. Kisha ataligeukia swali tamu la ridhaa ya kimya. Kenya ilitangaza ukanda wake wa bahari mwaka 1979 kwa kufuata latitudo, na ikadai kwamba Somalia ilinyamaza hivyo imekubali. Mahakama ilidai ushahidi mzito wa ukubali huo na haikuuona. Mtu akitaka kuandika tasnifu nzima juu ya kimya cha dola kama chanzo cha haki, kesi hii peke yake inampa sura mbili, na atakuwa amechangia jambo linalotumika katika migogoro mingine ya mipaka.

Msomi wa TWAIL atarudi nyuma zaidi. Mstari wa bahari unaanzia nchi kavu, kwenye nguzo ya mpaka karibu na Ras Kamboni, na nguzo hiyo ni matokeo ya mkataba wa Uingereza na Italia wa mwaka 1924, ambao kwao Uingereza iliikabidhi Italia Jubaland, eneo la kusini mwa Somalia ya leo. Yalikuwa ni malipo ya ahadi za Vita vya Kwanza vya Dunia. Hakuna mtu wa Kiunga, upande wa Kenya, wala wa Kismayu, upande wa Somalia, aliyeulizwa. Wabajuni, wanaozungumza lahaja yao ya Kiswahili pande zote mbili, wakajikuta raia wa dola mbili, na karne moja baadaye dola hizo zikabishana The Hague juu ya maji ambayo babu zao waliyavua bila pasipoti. Kenya iliwataja wavuvi wake katika hoja zake, lakini Mahakama haikushawishika kwamba mpaka ungewaumiza kiasi cha kuubadilisha. Msomi wa TWAIL anaweza kuweka kando ya kesi hiyo uamuzi wa usuluhishi kati ya Eritrea na Yemen wa mwaka 1998, uliotambua uvuvi wa jadi wa pande zote mbili katika Bahari ya Shamu na kuuheshimu hata ndani ya maji ya dola nyingine, ukichota pia kwenye mila ya sheria ya Kiislamu. Kwa nini njia hiyo haikufunguliwa kwa Wabajuni? Kwangu mimi hilo ni mojawapo ya maswali bora ambayo mwanafunzi wa pwani yetu anaweza kuyachukua leo.

Lakini mkabala huo huo unadai uaminifu. Huwezi kuandika kwamba Ulaya imeionea Kenya kupitia The Hague huku aliyeshinda ni Somalia, nchi ya Kiafrika iliyokuwa ikijaribu kusimama baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. TWAIL iliyokomaa itaitazama pia Nairobi: itauliza dola yenye nguvu zaidi ilifanya nini wakati jirani yake haikuwa na serikali ya kumjibu.

Mkosoaji atayatazama mafaili yale yale kwa jicho tofauti. Kenya ilijenga hoja yake juu ya matendo: doria, vibali vya utafutaji mafuta, miongo ya usimamizi. Somalia ilijenga yake juu ya kanuni: pwani yangu, bahari yangu. Angalia jinsi kila mmoja alivyolazimika kuazima silaha ya mwenzake: Kenya ikadai kwamba matendo yake yamegeuka kanuni kupitia ridhaa, Somalia ikadai kwamba kanuni yake inathibitishwa na matendo ya dola nyingine. Halafu fika kwenye marekebisho ya mstari. Mahakama iliupanua mtazamo hadi pwani ya Tanzania, ikaona kwamba pwani imebonyea kuelekea bara na kuibana Kenya katikati, na ikausogeza mstari. Baadhi ya majaji wenyewe hawakukubali marekebisho hayo. Kwa nini digrii hizo na si nyingine? Hapo ndipo mkosoaji anapojenga nyumba yake: neno "haki" ndani ya ibara limeacha nafasi ambayo haijazwi na mantiki, inajazwa na uamuzi.

Na mtu wa takwimu? Kwake kesi moja ni nukta moja tu. Ataiweka pamoja na hukumu zote za mipaka ya ardhi na bahari, apime ngapi zilitekelezwa, kwa muda gani, na kama kuiondoa kauli ya kukubali mamlaka ya Mahakama kunafuatana na nini. Anaweza kugundua jambo ambalo wengine watatu hawana njia ya kulijua: kama ususiaji wa Kenya ni mwenendo wa kawaida wa dola zinazoona zitashindwa au ni jambo la nadra.

Nyenzo

Upozitivisti ni wa gharama ndogo. Hukumu, maoni binafsi ya majaji na hoja zilizoandikwa na wahusika zinapatikana bure kwenye tovuti ya Mahakama kwa Kiingereza na Kifaransa, na mikataba iko wazi kwenye hazina ya Umoja wa Mataifa. Mwanafunzi wa Bujumbura au wa Dodoma anasimama sawa na wa Leiden, Uholanzi, katika hili.

TWAIL inataka kumbukumbu. Ukitaka kusema jambo jipya kuhusu mkataba wa 1924, lazima ufungue majalada ya kikoloni: Nyaraka za Taifa jijini Nairobi, nyaraka za Kew kule London, na kwa upande wa Italia zile za Roma. Ukitaka kusema jambo jipya kuhusu wavuvi, lazima ukae nao, na hilo linahitaji kibali cha utafiti, muda, na usalama katika eneo la mpaka. Faida tuliyonayo ni lugha. Mtafiti anayezungumza Kiswahili na Mbajuni bila mkalimani anafika mahali ambapo wengi wa kambi hii hawajafika. Jarida la TWAIL Review nalo linasomeka bure mtandaoni.

Ukosoaji unataka kusoma sana, na kusoma kwa subira. Nyenzo zake ni zile zile za mpozitivisti, ila kila ukurasa unasomwa mara mbili.

Takwimu zinataka hazina ya data, ujuzi wa kuzichakata na, mara nyingi, mwenzako wa fani nyingine. Kama chuo chako hakina mtu wa kukagua modeli yako, fikiri mara mbili. Kosa la hesabu katika tasnifu ya sheria linaweza kupita bila kuonekana na yeyote hadi limefika kwenye jarida.

Mtahini atakubana wapi

Mpozitivisti ataulizwa juu ya ridhaa. Ukisema sheria hufunga kwa sababu dola zilikubali, utasema nini kuhusu mipaka iliyowekwa wakati wenyeji hawakutambuliwa kama dola? Jibu la kawaida ni uthabiti, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulilichagua mjini Cairo, Julai 1964, ulipoazimia kuiheshimu mipaka iliyorithiwa. Lakini Somalia ililikataa azimio hilo, na mtahini makini atakukumbusha.

Msomi wa TWAIL ataulizwa kama ana njia ya utafiti au ana msimamo tu. Obiora Okafor alilishughulikia swali hilo mwaka 2008, kama TWAIL ni nadharia, ni mbinu, au vyote viwili, na mwanafunzi asiyeweza kulijibu kwa maneno yake mwenyewe bado hajawa tayari.

Mkosoaji ataulizwa: baada ya kubomoa, unapendekeza nini? Koskenniemi hakuishia kwenye kubomoa. Aliendelea kuitetea sheria kama lugha ambayo wanyonge nao wanaweza kuitumia kudai. Wanafunzi wengi huishika nusu ya kwanza tu.

Mtu wa takwimu atabanwa kwenye chanzo na matokeo. Dola huridhia mikataba ambayo tayari zilikuwa tayari kuitii, na hukubali mahakama ambazo zinadhani hazitaziumiza. Basi kinachopimwa ni nguvu ya sheria, au ni tabia ya wale waliochagua kuingia? Ukikosa jibu la hilo, jedwali zako zote zinayumba.

Kwa hali yako

Kama uko mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza na una muhula mmoja, upozitivisti uliofanywa vizuri utakupa kazi safi. Chagua swali jembamba, kwa mfano kiwango cha ushahidi wa ridhaa ya kimya, ulifuatilie katika hukumu kadhaa. Usijidharau kwa kuchagua hivyo. Mawakili wa serikali zetu wanaosimama The Hague wanahitaji kazi za aina hiyo kuliko wanavyozipata.

Kama uko uzamili, unaishi karibu na nyaraka au na jamii inayoguswa na mada yako, na una mwaka mmoja au zaidi, TWAIL itakulipa, ilimradi swali lako liwe la eneo na la kipindi mahususi. "Ukoloni na sheria ya kimataifa" si swali. Mkataba wa 1924 na haki za uvuvi za Wabajuni ni swali.

Kama mada yako ni chombo chenye maneno mapana, kama "haki", "usawa" au "tishio kwa amani", na unapenda kufungua matini sentensi kwa sentensi, ukosoaji ndio nyumba yako. Uufanye tu ukiwa na msimamizi aliyeusoma, kwa sababu ukikosewa unageuka majungu ya kitaaluma.

Kama una shahada ya kwanza ya uchumi, ya siasa au ya takwimu, au unaandika uzamivu ukiwa na mwenza wa fani hizo, tumia takwimu. Afrika Mashariki ina mahali pa kuanzia ambapo pamechimbwa kidogo: utekelezaji wa maamuzi ya Mahakama ya Afrika Mashariki jijini Arusha, ambako hata orodha kamili ya nini kilitekelezwa na nini hakikutekelezwa ingekuwa mchango.

Kama unataka kuchanganya, changanya miwili tu, na uamue upi ni mkuu. Mfano mzuri uko karibu. Desemba 1961 Nyerere aliuarifu Umoja wa Mataifa kwamba Tanganyika ingeendelea na mikataba ya pande mbili iliyowekwa na Uingereza kwa miaka miwili, ipitie upya, na kisha ile isiyokubaliwa iishe. Lengo lilikuwa kujinasua na urithi wa ukoloni, na zana aliyotumia ilikuwa sheria ya mikataba ya kawaida kabisa, iliyoandikwa kwa uangalifu wa mpozitivisti. Tasnifu inayoisoma barua hiyo kwa macho yote mawili ingefaa kusomwa Dar es Salaam na Nairobi vilevile.

Na kama huandiki tasnifu kabisa, bali ni mwanahabari au mfanyakazi wa shirika unayetaka kueleweka kwa wasomaji pale hukumu inapotoka, anza na hukumu yenyewe kwa jicho la mpozitivisti ili usikosee kilichoamuliwa. Kisha nenda Kiunga ukawaulize wavuvi.